Mfupa Huunga Wenyewe, Usinyimwe Damu

Mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi wa Mtangawanda



Wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu kama boriti: ukivunjika, kazi ni kuufunga na kuukaza. Lakini boriti imeshakatwa, imekufa. Mfupa u hai, kama mkoko uliosimama majini. Ndani yake mna mishipa ya damu na chembe zinazofanya kazi usiku na mchana. Ndiyo sababu huuma, hukua na huunga. Na ndiyo sababu hufa ukinyimwa damu.

Mwanzo na ukuaji

Mtoto akiwa tumboni, mifupa yake mingi huanza kama gegedu, kitu laini kama kile cha sikioni. Takriban wiki ya 8 ya mimba, gegedu hiyo huanza kugeuka mfupa kwa kujazwa madini ya kalisiamu na fosfeti. Mtoto huzaliwa na vipande karibu 300. Baadhi huungana anavyokua, hadi mtu mzima hubaki na mifupa 206.

Mifupa ya mikono na miguu hurefuka karibu na ncha zake, penye tabaka la gegedu. Tabaka hilo hufunga baada ya kubalehe, mapema zaidi kwa wasichana. Kwa hivyo mtoto aliyeumia karibu na kiwiko, goti au kifundo cha mguu apelekwe hospitali hata kama uvimbe ni mdogo. Tabaka hilo likiharibika, kiungo huweza kubaki kifupi au kupinda.

Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mboga za majani huupa mwili kalisiamu. Ili kuitumia, mwili huhitaji vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza ikipata jua. Mama anayeshinda ndani, au anayejifunika mwili mzima kila atokapo, huweza kupungukiwa hata katika pwani yenye jua kali. Kuota jua uani husaidia, na kliniki ni mahali pa kuuliza. Mtoto akipungukiwa sana huweza kupata matege.

Mfupa unavyounga

Mkwezi akianguka mnazini, au kijana akianguka na bodaboda, damu huganda palipovunjika ndani ya saa chache. Katika wiki 2 au 3 za mwanzo, hapo huota kiungo laini cha gegedu. Kisha madini huingia, kiungo kikawa kigumu. Mkono wa mtu mzima huchukua kama wiki 6 hadi 8, na mfupa wa muundi miezi 3 hadi 4 au zaidi. Watoto huunga upesi. Baadaye, kwa miezi hata miaka, chembe maalumu hula mfupa uliozidi, na nyingine hujenga panapohitajika.

Kazi hiyo yote hubebwa na damu. Anayesaidia ana mambo matatu tu: mfupa unyooke, utulie, na damu ipite. Uvutaji sigara hubana mishipa na huchelewesha kuunga.

Hatari ya gango linalokaza

Waunga mifupa wanaheshimiwa visiwani, na wanachojua ni kweli: mfupa lazima utulizwe. Hatari ni kukaza. Uvimbe huendelea kuongezeka kwa siku 2 au 3, hivyo gango lililofungwa vizuri asubuhi huweza kuwa kitanzi jioni. Nyama ikikosa damu kwa saa 6 hivi, huweza kuharibika isirudi tena. Huo ni muda wa maji kutoka kujaa hadi kupwa. Mtu huweza kupoteza mkono mzima kwa mfupa ambao ungeunga wenyewe.

Dalili ni hizi: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole kufa ganzi, kuwa baridi, kubadilika rangi, au kuuma sana vinaponyooshwa. Hapo gango lilegezwe mara moja, hata usiku wa manane, na mgonjwa apelekwe hospitali. Ikiwa ni plasta, asingoje siku ya miadi.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Kiungo kisivutwe wala kukandwa. Fito mbili zilizozungushiwa nguo, zikifungwa kwa leso juu na chini ya palipovunjika, hutosha kukituliza. Vidole viachwe wazi vionekane. Pete na bangili zivuliwe. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi bila dawa wala majani, kwa sababu mfupa ulioingia uchafu huweza kuoza. Aliyevunjika paja asisimamishwe: damu inayozidi lita moja huweza kumwagika ndani bila kuonekana. Aliyeumia shingo au mgongo abebwe akiwa amelala juu ya ubao.

Kisha safari ianze, kwenda Hospitali ya Faza au ya King Fahd mjini Lamu, kwa njia itakayofika mapema. Chomboni, kila nusu saa, mmoja avibonyeze vidole vya mgonjwa: rangi ikirudi upesi, damu inapita.