Safari ya Muhuri: Nani Abebe Mzigo wa Kuthibitisha Unyonge?

Mada kwa semina ya maafisa ustawi wa jamii, watendaji wa kata na waganga wafawidhi



Naomba nianze na hesabu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa afisa ustawi wa jamii katika hospitali moja ya wilaya, alifika dirishani kwangu bibi mmoja anayeumwa macho. Miaka 60 alikuwa ameivuka zamani, na hilo halikuhitaji vipimo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na utaratibu wetu ni kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bure. Nikamwomba barua ya mtendaji wa kijiji. Hakuwa nayo. Nikamrudisha.

Alirudi baada ya siku tisa. Barua alikuwa nayo, ila haina muhuri. Muhuri ulikuwa umesafiri na mtendaji kwenye kikao cha kata. Nikamrudisha tena. Mara ya tatu akaja na barua, muhuri na picha moja ya paspoti. Mimi nilitaka mbili.

Siku hiyo nikamwuliza, "Bibi, tangu uanze kuhangaika na karatasi hii umetumia shilingi ngapi?" Akafungua pindo la khanga kana kwamba risiti zimo mle, akahesabu kwa vidole: bodaboda kwenda na kurudi mara tatu, picha, na kile ambacho pale kijijini huitwa mchango wa ofisi. Ikafika Sh 31,000. Dawa aliyoandikiwa ilikuwa ikiuzwa Sh 6,000 duka la ng'ambo ya barabara. "Mwanangu," akasema, "ningejua ningenunua tu."

Nataka mwone kwamba sikukosea popote. Mkaguzi angefungua faili lile angekuta kila karatasi mahali pake. Hakuna aliyeomba rushwa, kama tukikubali kwamba mchango wa ofisi ni mchango. Msamaha ulitolewa, ukaingia kwenye taarifa yangu ya robo mwaka kama mafanikio. Na bibi yule akawa maskini zaidi ya alivyokuwa kabla sijamsaidia.

Hoja yangu leo ni moja. Tunapobuni huduma kwa wasiojiweza, tunatumia muda mwingi kujadili tutatoa nini na fedha zitatoka wapi. Hatujadili nani atabeba kazi ya kuthibitisha kwamba mtu anastahili. Na kwa kuwa hatujadili, kazi hiyo humwangukia yule asiye na nauli, asiyeona vizuri, asiyejua kusoma, anayelea wajukuu watatu. Huyo ndiye tumemfanya tarishi wa serikali, abebe karatasi kutoka ofisi moja kwenda nyingine wakati ofisi zote mbili zina simu.

Mzizi wa jambo hili si wa juzi. Uchangiaji wa gharama ulipoanza kuingia katika hospitali za serikali mwaka 1993, ulikuja pamoja na misamaha ya aina mbili. Upo msamaha wa kundi: mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano. Upo msamaha wa uwezo: yeyote asiyeweza kulipa. Wa kwanza unafanya kazi kwa kutazama tu. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane haulizwi barua ya kuthibitisha tumbo. Wa pili unataka ushahidi, na ushahidi wa kutokuwa na kitu ni mgumu kuupata kuliko wa kuwa nacho. Mwenye nyumba ana hati. Asiye na nyumba aonyeshe nini?

Mzee wa Bara yuko katikati ya misamaha hii miwili, na hapo ndipo vurugu inapoanzia. Umri ungetosha kumtambulisha, lakini tumeongeza maneno "asiye na uwezo", na maneno hayo ndiyo yaliyozaa barua, muhuri, picha na bodaboda.

Tutazame wenzetu wa ng'ambo ya bahari. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza Pensheni Jamii: kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 apewe Sh 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya serikali yenyewe. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa hadi Sh 50,000. Haiulizwi kama ana shamba la karafuu wala kama mwanawe yuko Muscat anamtumia fedha. Swali kubwa ni umri na ukaazi. Wapo waliopinga, wakasema pensheni itamfikia hata tajiri. Ni kweli itamfikia. Lakini wapigeni hesabu matajiri wa miaka 70 katika shehia moja ya Micheweni, kisha mpige gharama ya kutuma watu nyumba kwa nyumba kuwachuja. Kenya nayo ilipita njia hiyo: fedha za wazee za Inua Jamii zilianza kwa kuchagua maskini, na kufikia mwaka 2018 zikafunguliwa kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi asiye na pensheni nyingine, Sh 2,000 za Kenya kwa mwezi.

Sisemi Zanzibar wamemaliza. Miaka 70 ni mingi kwa mvuvi au mkulima wa mwani ambaye mgongo ulimwacha akiwa na 58. Lakini kuna jambo ambalo halionekani kwenye majedwali: anayekwenda kupokea pensheni ile haendi akiwa ameitwa maskini. Anakwenda kwa sababu amekula chumvi nyingi. Heshima hiyo haigharimu chochote, na huwafanya watu wajitokeze badala ya kujificha.

Bara tulichagua njia nyingine. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, chini ya TASAF, tangu mwaka 2012 umekuwa ukizitafuta kaya kwa hatua tatu: kwanza maeneo, kisha mkutano wa jamii wa kutaja kaya zilizo duni, kisha dodoso linalouliza habari za kaya, mambo kama idadi ya watu na hali ya nyumba. Kwa nchi yenye watu 61,741,120 kwa sensa ya 2022 na bajeti tunayoijua, siwezi kusema kuchuja ni kosa. Mpango umefikia takribani kaya milioni moja, na nimeona kwa macho yangu watoto waliorudi shule na kuku walioongezeka uani.

Lakini nimekaa pia katika mikutano ile. Anayetajwa ni anayejulikana. Mgonjwa wa kitandani hakuja. Mwanamke aliyeolewa kijijini hapo mwaka jana na kuachwa mwezi uliopita hana wa kumsemea. Mama wa mtoto mwenye ulemavu amefungia mtoto ndani na haya yake mwenyewe, na jirani hajui kama yumo. Kisha mkutano unafungwa na orodha inabandikwa.

Mwaka 2016 magazeti yetu yalijaa habari za kaya hewa, yaani walioingizwa bila kustahili, na wengi waliondolewa. Ilistahili. Ila jiulizeni: mliwahi kusoma kichwa cha habari kuhusu kaya iliyoachwa? Haiwezekani kuandikwa, kwa kuwa aliyeachwa hana jina kwenye orodha yoyote ambalo mtu angelikuta. Makosa ni mawili, kumwingiza asiyestahili na kumwacha anayestahili, na moja tu kati yao huzaa hoja ya ukaguzi. Mtumishi mwenye akili timamu atalikimbia hilo moja. Ndivyo tunavyoishia kuomba picha ya pili.

Mitambo haikuondoa tatizo hili, imelihamisha. Malipo yamekuwa yakihama kutoka fedha taslimu kwenda simu na benki, jambo zuri kwa usalama. Lakini tangu Januari 2020 laini zinafungwa zisiposajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na bibi asiye na NIDA anatumia laini ya mjukuu. Fedha ni zake, simu ni ya mjukuu, na mjukuu ana mambo yake. Hata anayekwenda kujiandikisha, vidole vilivyoshika jembe miaka 50 mara nyingi havina mistari ya kusomeka. Mashine inakataa. Kijana wa mashine anasema, "Bibi, jaribu tena." Anafuta jasho, anajaribu tena. Mbuni wa huduma alipaswa kuwa na jibu la nini kinafuata mashine inapokataa mara ya tatu. Mara nyingi jibu ni "njoo kesho".

Na kiziwi je? Hospitali zetu huita majina kwa sauti kutoka dirishani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, lakini dirisha halijaisoma. Namba iliyoandikwa kwenye kibao ingetosha.

Nisionekane kama mtu wa kulalamika tu. Tunalo somo letu wenyewe, la nyumbani. Kwa miaka mingi cheti cha kuzaliwa kilifuatwa makao makuu ya wilaya, na mtoto wa kijijini alikuwa anasajiliwa tumboni mwa mama yake na kliniki, kisha anapotea kwenye daftari la serikali. RITA walipoanza mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Mbeya mwaka 2013, waligeuza mkondo: usajili ukashushwa hadi ofisi ya kata na kituo cha tiba, ada ikaondolewa, taarifa ikatumwa kwa simu, na mzazi akapewa cheti palepale. Mama alikuwa anakwenda kliniki kwa ajili ya chanjo hata hivyo. Hawakumpa elimu ya umuhimu wa vyeti kwanza, jambo ambalo sisi wa semina tungelipendekeza haraka sana. Walimpunguzia safari.

Hili lina haraka sasa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na sheria hiyo inataka wasio na uwezo wagharamiwe. Maana yake ni kwamba mtu, mahali fulani, ataandaa orodha ya wasio na uwezo kwa nchi nzima. Tukiacha mambo yaende kama yalivyozoea, orodha hiyo itajengwa kwa barua, muhuri na picha mbili, na atakayeshindwa safari ya tatu atahesabiwa kuwa ana uwezo.

Napendekeza jambo dogo. Mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wazungumze wao kwa wao. Mgonjwa akifika bila barua, ofisi ndiyo iitafute barua, na tiba ianze. Penye umri, umri utoshe. Na katika kila taarifa ya robo mwaka, pembeni ya safu ya waliohudumiwa, iwepo safu ya waliorudishwa na sababu yake.

Kabla hatujakutana tena, namwomba kila mshiriki amchukue mzee mmoja wa kata yake, amfuate hatua kwa hatua tangu mlangoni kwake hadi apate huduma, alipe nauli ileile na asubiri kwenye benchi lilelile, bila kujitambulisha kwa cheo. Aandike siku na shilingi. Tuje nazo hapa tuziweke mezani.