MTU HUPIMWA KWA VITENDO VYAKE

(Haya ni mazungumzo ya mfasiri mmoja wa Serikali kwa wanafunzi, walimu na wazazi wa Nanighi, kando ya mto Tana.)



Nataka kuzungumza nanyi juu ya insha ambazo wanafunzi huandika katika somo la fasihi, hasa zile zinazouliza tabia ya mtu fulani katika kitabu. Labda mzazi mmoja atasema moyoni mwake, "Jambo hilo latuhusu nini sisi tunaolima na kuchunga?" Namwomba avumilie kidogo. Nataka kuonyesha ya kwamba mwanafunzi anayejifunza kueleza kwa haki tabia ya mtu wa kitabuni, hujifunza pia kumpima jirani yake kwa haki, na mwisho kujipima mwenyewe.

Katika mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, karatasi ya tatu ya Kiswahili ni ya fasihi, nayo ina alama 80. Mara nyingi mtahiniwa hupewa maneno machache yaliyotoka kitabuni, akaambiwa ayaweke katika muktadha wake. Hapo yampasa ajibu mambo manne: nani anasema, anamwambia nani, wako mahali gani, na kwa sababu gani. Baada ya hayo ndipo aulizwapo sifa za msemaji. Tazameni utaratibu huo ulivyo wa hekima. Huruhusiwi kumpa mtu sifa mpaka kwanza umejua alisema nini, kwa nani, wapi, na kwa nini. Laiti sisi watu wazima tungefuata utaratibu huo katika baraza zetu!

Sasa nitatwaa mfano wa hadithi ambayo si ngeni katika nchi hii. Mto huu unaopita Nanighi hushuka ukapita Hola na Garsen, ukaingia baharini karibu na Kipini. Huko chini, pande za Ozi na Kipini, ndiko kunakosemekana kuwa na kaburi la Fumo Liyongo, na Wapokomo nao wana habari zake. Hadithi yake ilichapishwa katika mwaka 1870 na Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja. Muhammad Kijumwa wa Lamu akaitungia utenzi katika mwaka 1913, na utenzi huo ukahaririwa na Abdilatif Abdalla ukatolewa Dar es Salaam mwaka 1973. Tena katika mwaka 2001 Kithaka wa Mberia alitoa tamthilia iitwayo Kifo Kisimani, aliyoijenga juu ya kisa hicho, nayo ikasomwa katika shule za sekondari za Kenya kuwa kitabu cha mtihani.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Liyongo alikuwa shujaa mwenye nguvu nyingi, tena mshairi, na mfalme wa Pate alimwogopa asije akamnyang'anya ufalme. Kwanza watu waliagizwa wale naye makoma, kila mmoja akipanda mkoma kwa zamu yake, ili Liyongo akiwa juu wamfume kwa mishale. Ninyi mnaoijua mikoma ya kando ya mto huu mwafahamu jinsi mtu aliye juu yake asivyo na pa kukimbilia. Lakini zamu yake ilipofika hakupanda. Alisimama chini akayaangusha makoma kwa mshale. Kisha akafungwa gerezani. Mama yake akampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, na walinzi wakala vyakula vizuri wakauacha mkate wa wishwa, wasijue ya kuwa ndani yake mna tupa. Usiku wa ngoma ya gungu, watu walipokuwa wakipiga na kuimba, Liyongo alikata minyororo yake kwa tupa ile, akatoka.

Mwisho mfalme akamwendea mwana wa Liyongo, akamwahidi kumwoza binti yake. Kijana akamwuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumwua. Liyongo alitambua hatari iliyokuwamo katika swali hilo, hata hivyo akamjibu: ni sindano ya shaba, akichomwa nayo kitovuni. Kijana akampelekea mfalme habari, akapewa sindano, akarudi kwa baba yake, akakawia, barua ya kumhimiza ikamfikia, hata siku moja akamchoma baba yake hali amelala. Liyongo akaamka, akatwaa uta wake, akaenda kisimani, akapiga goti na mshale umetegwa, akafa hivyo hivyo. Kwa siku kadhaa watu waliogopa kwenda kuteka maji, wakidhani yu hai. Na kijana yule hakupata alichoahidiwa.

Basi, mwanafunzi akiulizwa tabia ya kijana huyu, mara nyingi huandika hivi: "Mwana wa Liyongo ni msaliti, kwa sababu alimsaliti baba yake. Ni katili, kwa sababu alimwua. Ni mwenye tamaa, kwa sababu alikuwa na tamaa." Hiyo si insha. Ni kama mtu aulizwaye kwa nini mto umefurika, akajibu, "Kwa sababu maji ni mengi." Amelirudia swali kwa maneno mengine. Ametundika jina shingoni mwa mtu, kama mwenye duka atundikavyo bei juu ya kitambaa, akaenda zake.

Jibu lenye uzito lingekuwa kama hili: "Mwana wa Liyongo alikuwa na tamaa iliyoishinda huruma yake. Hakuwa mtu asiyehisi kitu, maana baada ya kuijua siri na kuipata sindano alikawia, hata ikabidi ahimizwe kwa barua. Lakini alipoikumbuka arusi aliyoahidiwa, alitenda. Kwa hiyo kosa lake si kwamba hakujua ubaya wa tendo lile. Alijua, akauza alichokijua." Mwanafunzi aliyeandika hivyo ameonyesha kitendo, ameonyesha sababu, tena ameonyesha ya kuwa ndani ya mtu mmoja mnaweza kuwa na mambo mawili yanayoshindana.

Tena angalieni hesabu ya hatua. Kijana aliuliza, akaenda kwa mfalme, akapokea sindano, akarudi nyumbani, akangoja, kisha akachoma. Hatua hizo ni sita, na katika kila hatua njia ya kurudi nyuma ilikuwa wazi. Watu husema, "Shetani alimpitia," kana kwamba uovu huja kwa dakika moja. Lakini kitendo kimoja peke yake si tabia. Tabia hujengwa na vitendo vingi vidogo vinavyofuatana, na kila kimoja hukirahisisha kile kinachokuja.

Na ni nani ambaye wanafunzi humsahau? Humsahau mfalme, kwa sababu yeye hakuishika sindano. Lakini swali la "kwa sababu gani" likiulizwa vizuri, hutufikisha mpaka kwake. Vilevile humsahau Saada. Yeye hakuwa na nguvu wala cheo wala mashairi. Alibeba mkate akapita mbele ya walinzi, akijua kilichomo. Kama ushujaa ni kutenda jambo jema hali unaogopa, basi mtahini gani atamnyima mwanafunzi alama akimtaja Saada kuwa shujaa wa hadithi hii?

Ili tuone ya kuwa kitendo kimoja chaweza kutoka katika mioyo miwili mbalimbali, hebu tutazame tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili ikatolewa mwaka 1963, akaisahihisha ikatolewa tena mwaka 1969. Mle Brutus anamwua rafiki yake. Yeye pia alichochewa kwa barua, tena barua za uongo zilizotupwa nyumbani kwake ili adhani raia wa Roma wanamwita. Lakini Brutus hakutafuta arusi wala cheo. Aliamini kwamba anaokoa nchi yake. Mmoja aliuza, mwingine alidanganyika. Je, damu iliyomwagika ni tofauti? Hasha, ni damu ile ile. Lakini tabia si moja, na insha nzuri huzitenganisha bila kumsamehe yeyote upesi.

Mimi kazi yangu ni kufasiri, na kazi hiyo hufundisha jambo hili kila siku. Neno likiwekwa mahali pasipo pake, mtu asiye na hatia huonekana mkosaji. Neno "msaliti" ni zito; halipasi kutupwa kama ganda la ndizi.

Sasa nasema jambo ambalo ni la maisha na mauti. Mwana wa Liyongo alizaliwa na mama wa watu ambao maandishi ya zamani yaliwaita Wagala, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Wao ni Waoromo, ambao Waorma wa mto huu ni ndugu zao. Utenzi wasimulia ya kwamba watu hao walitaka Liyongo aoe kwao ili wapate uzao wa shujaa. Waliupata uzao, lakini ushujaa haukurithiwa kama ng'ombe. Wala mtu asiseme usaliti ulitoka katika damu ya mama, maana aliyeupanga usaliti ule alikuwa mfalme wa Pate, mtu wa nchi ya Liyongo mwenyewe. Hadithi hii yatuambia wazi kwamba tabia haimo katika damu.

Na sisi je? Kuanzia Agosti 2012 mpaka mwanzo wa mwaka 2013, huko Tana Delta, Wapokomo na Waorma walishambuliana, na watu zaidi ya 100 wakauawa, wanawake na watoto wakiwamo. Ugomvi huo ulikuwa na mizizi katika ardhi, malisho, maji na siasa, na siwezi kusema ya kuwa insha ya shule ingeliuzuia panga. Lakini kabla panga halijainuliwa, kwanza hutangulia sentensi. Mtu husema, "Watu wa kabila lile ni wauaji." Sentensi hiyo ni insha mbaya kupita zote: haina msemaji aliyetajwa, haina mahali, haina sababu, na kitendo cha wachache imekifanya kuwa sifa ya maelfu. Mwanafunzi aliyezoea kukatwa alama kwa kutoa sifa bila ushahidi, natumaini ataona haya kuitamka.

Nitaongeza neno kwa kila kundi kati yenu.

Kwanza, walimu. Msiwape wanafunzi orodha ya sifa waikariri. Mwanafunzi akisema, "Fulani ni jasiri," mwulizeni, "Wapi? Lini? Lilimgharimu nini?" Na wawili wakitofautiana juu ya Liyongo, kama alimjibu mwanawe kwa upendo, au kwa kiburi, au kwa kuchoka kuwindwa, waacheni wabishane, mradi kila mmoja ashike kitabu mkononi.

Pili, wazazi. Mtoto akichukua kisicho chake, mwambie, "Umeiba, na kuiba ni vibaya." Usimwambie, "Wewe ni mwizi." Neno la kwanza hukemea kitendo na kumwachia njia ya kurudi, la pili humpa jina, na mtoto akiitwa jina kila siku mwisho huliitikia. Tena wasimulieni hadithi mlizosimuliwa na wazee wenu, kwa maana hizo nazo ni fasihi, na swali la "kwa nini alifanya vile?" halihitaji karatasi.

Tatu, wanafunzi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyetunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, aliona majumba ya fahari ya Pate yamekuwa magofu. Angaliweza kuwalaumu jirani zake, lakini aliusemesha moyo wake mwenyewe, akauuliza kwa nini haukubali kuonywa. Nyani haoni kundule, lakini mtunzi huyu alijitazama.

Nanyi fanyeni hivyo. Kila Ijumaa au Jumapili jioni, chagua neno moja ulilolisema juma lile kwa hasira, uliweke katika muktadha wake: msemaji ni mimi, nilimwambia nani, tulikuwa wapi, kwa sababu gani. Kisha jipe sifa unayostahili, na uithibitishe. Insha hiyo haitasahihishwa na mwalimu yeyote, wala haina alama 20, lakini mtu aiandikaye kwa kweli atakuwa mgumu kununuliwa, hata mfalme akimwahidi arusi. Na wazee wetu walikwisha sema, muungwana ni vitendo.