Simu Peke Yake Haisomeshi

Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana wa Handeni na Korogwe, pale Segera. Nimeombwa niyaandike kwa ajili ya ambao hawakufika.

Makamanda. Mada niliyopewa ni "Vijana na elimu ya mtandaoni nyumbani". Naomba tuanze kwa kukumbuka.

Machi 17, 2020 Waziri Mkuu alitangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona. Tuliambiwa siku 30. Kidato cha sita walirudi Juni 1, sisi wengine Juni 29. Yaani zaidi ya siku 100 nyumbani. Wakati huo nilikuwa kidato cha nne, shule ya kata huku Handeni, mtihani wa taifa ukinisubiri Novemba.

Tukaambiwa vipindi vitarushwa redioni na kwenye luninga, na vitabu vipo mtandaoni. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilijiona nimekaa mezani, simu mkononi, mwalimu bingwa wa hesabu kutoka Dar ananifundisha mimi wa porini huku. Hayo ndiyo yalikuwa matarajio yangu.

Sasa sikieni kilichotokea. Nyumbani simu janja ilikuwa moja, ya kaka, na kaka ni bodaboda. Anatoka nayo alfajiri, anarudi nayo usiku haina chaji. Kuchaji ni kwa jirani mwenye sola, unalipa. Bando ni hela nyingine. Na asubuhi, muda wa kipindi, mimi niko lamboni na ndoo. Nyie wa Handeni mnajua habari ya maji kwetu, sina haja ya kuieleza. Mama hakuwa mkorofi. Kwa akili yake, mtoto aliye nyumbani hayuko shule, kwa hiyo yuko kwa ajili ya kazi. Nani aliwahi kumwambia vingine?

Mtasema hiyo ni shida ya umaskini tu. Subirini. Mtoto wa mjomba wangu anakaa Korogwe mjini, Manundu. Umeme upo, luninga ipo, netiweki imejaa. Tuliporudi shule nikampigia nikamuuliza, vipi, umesoma? Akanicheka. Luninga iko sebuleni, wadogo zake wanataka katuni, mjomba anataka taarifa ya habari. Na siku alizofanikiwa kuangalia, mwalimu wa kwenye luninga akiruka hatua moja, hakuna pa kunyoosha mkono. Hakuna daftari linalosahihishwa. Baada ya wiki mbili akaacha.

Hapo ndipo nilipopata somo langu. Mimi sikuwa na kifaa, yeye alikuwa nacho, na wote tulikwama. Shule ya nyumbani inahitaji vitu vitatu ambavyo havimo ndani ya simu: muda ambao nyumba nzima inauheshimu, karatasi ya zoezi mkononi, na mtu wa kumuuliza.

Hili si jambo jipya nchini. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Vipindi vilirushwa redioni kwa wiki 12. Lakini hawakuishia kurusha vipindi wakaenda kulala. Watu walipangwa katika vikundi, kila kikundi kikawa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kijitabu. Wanasikiliza pamoja, wanasoma, wanajadili, halafu wanakwenda kuchimba vyoo. Watu kama milioni mbili walishiriki, wengi ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Ulikuwa utawala wa chama kimoja na mimi siutamani urudi, lakini penye ukweli tuseme ukweli: mwaka 1973, kwa redio za betri, walijiandaa kuliko sisi mwaka 2020.

Kwa hiyo tunaidai serikali nini? Kwanza, iache kutupa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Mwaka 2021 iliondoa VAT kwenye simu janja na tableti, mwaka uliofuata ikairudisha. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi, mitandao ya kijamii ikabanwa. Huwezi kumwambia mwanafunzi asome mtandaoni halafu ukauzima mtandao kwa sababu ya siasa. Pili, vitabu na vipindi vya serikali vifunguke bila kukata bando. Tatu, kila shule iwe na mpango ulioandikwa: shule ikifungwa, iwe kwa ugonjwa au mafuriko, mazoezi yaliyochapishwa yanafikaje kijijini, na mwalimu gani anafuatilia wanafunzi gani.

Sasa zamu yetu, na hapa baadhi yenu mtanuna. Tusipande jukwaani kuahidi tableti kwa kila mtoto. Tableti bila umeme ni kioo cha kujitazamia. Tukiiga ahadi za kupendeza, tutakuwa tunawania kiti tu, hatubadilishi kitu.

Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana. Kila tawi lijue kwenye eneo lake nyumba zipi zenye wanafunzi zina redio, zipi zina umeme, wapi netiweki inakamata. Waliomaliza kidato cha nne na cha sita wapo mtaani, wengine wako humu ndani. Kila mmoja achukue watoto watano, mara mbili kwa wiki, chini ya mwembe au kwenye baraza ya mtu. Mtoto wa CCM akija, afundishwe. Hesabu hazina kadi ya chama.

Na twende kwa wazazi. Tusiwahutubie, tuwaombe kwa heshima: mama, baba, saa mbili tu kwa siku, mtoto asitumwe. Hasa binti. Darasani kwetu Juni ile madawati ya wasichana kadhaa yalibaki wazi. Wakati ule msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi. Waraka wa kumruhusu ulitoka Novemba 2021. Mmoja wao alikuwa akinisahihishia hesabu. Leo anauza machungwa barabarani, si mbali na hapa tulipokaa, na bado ana akili kunizidi.

Shule zikifungwa tena hatutapewa notisi. Maandalizi ni sasa hivi, wakati kengele bado inalia. Mkirudi Handeni na Korogwe, msianze na kuuliza nani ana simu. Ulizeni nani yuko tayari kukaa na mtoto akamsikiliza anaposema, "Hapa sijaelewa."