Kichwa Kinachouma Baada ya Kujifungua

Maneno ya mratibu wa miradi kwa kamati za sharika, Darajani, Unguja



Hapa tulipoketi panaitwa Darajani kwa sababu palikuwa na daraja, juu ya mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yalifukiwa, jina likabaki. Leo nataka kusema juu ya njia nyingine ya maji, ile iliyomo ndani ya fuvu.

Moyo huupelekea ubongo karibu robo tatu ya lita ya damu kila dakika, na yote sharti irudi. Vena za ubongo humwaga damu hiyo katika mifereji iliyo kati ya tabaka mbili za utando mgumu unaoufunika ubongo. Ulio mrefu kuliko yote huanzia penye paji la uso, hupita katikati ya utosi hadi kisogoni. Hapo damu hugawanyika kulia na kushoto, hupita nyuma ya masikio, kisha hushuka shingoni. Ndiyo maana usaha wa sikio usiotibiwa waweza kuingia humo.

Damu ikiganda mferejini, inayokuja nyuma yake haina pa kwenda. Ubongo huvimba, na vena ndogo huweza kupasuka.

Mdogo wangu alijifungua salama. Siku ya tisa kichwa kikaanza kumuuma, akilala ndiyo kinazidi. Tukasema ni uchovu wa kunyonyesha, tukampa panadol. Mimi ndiye niliyenunua. Siku ya kumi na tatu akaanguka kwa degedege. Alipona, ila jicho la kushoto halioni vizuri hadi leo.

Ugonjwa huu ni nadra, lakini kwa watu wazima huwapata zaidi wanawake, hasa katika majuma 6 baada ya kujifungua, kwa kuwa wakati huo damu huganda upesi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni pia huongeza hatari. Sisemi mviache, mimba yenyewe ina hatari hiyo.

Wengi hudhani ugonjwa wa ubongo ni lazima kisu. Mnazi Mmoja ina kituo cha upasuaji wa ubongo tangu 2014, lakini hapa tiba ya kwanza ni heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na wengi wanaoiwahi hupona vizuri. Kwenye CT ya kawaida bonge laweza lisionekane. Mwambieni daktari kwamba mama amejifungua karibuni, ili aangalie vena.

Kwa hiyo mama mzazi mwenye kichwa kisichotulia, kutapika, kuona ukungu au mkono kufa ganzi, apelekwe siku hiyo hiyo. Huenda ikawa kifafa cha mimba, ambacho nacho hakingoji.

Kwa wafadhili nina ombi moja: fedha ya usafiri wa usiku. Saa nane za usiku shamba hakuna daladala, na mwenye gari hutaka alipwe kwanza.