Barua ya Choo cha Soko

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo

   

Juma lililopita mama mmoja wa darasa hili alinisimamisha njiani. Alikuwa anatoka ofisi ya mji. Amechoka, viatu kavishika mkononi. Akasema, "Mwalimu, nimezungushwa tangu asubuhi. Huyu ananiambia nenda kwa yule. Yule ananiambia rudi kwa huyu. Hivi watu wale wanafanya nini siku nzima?"

Nilicheka, lakini swali lile lilinikaa moyoni. Wengi wetu tunaiona ofisi ile kwa nje tu. Tunaona bendera, tunaona gari la mkurugenzi, tunaona watu kwenye benchi wanasubiri. Basi leo tuingie ndani.

Kwanza mjue kwamba kazi ya mji haianzi ofisini. Inaanza alfajiri, machinjioni. Mkaguzi wa nyama yuko pale na kisu chake. Anapasua ini atazame kama lina minyoo. Anatazama mapafu, moyo na ulimi. Nyama nzuri inagongwa muhuri, mbovu haitoki pale kwenda buchani. Wewe unayenunua nusu kilo saa tatu asubuhi, utazame ule muhuri kwenye paja lililoning'inia. Usipouona, uliza. Kuuliza si ugomvi.

Wakati huo huo wafagiaji wako sokoni, wengi wao ni akina mama. Wanamaliza kabla wenye mboga hawajapanga mafungu yao. Kisha linakuja lori la taka, siku likiwa zima. Halafu anapita mkusanya ushuru na kile kimashine chake kidogo kinachotoa risiti. Saa moja na nusu ndipo milango ya ofisi inapofunguliwa.

Sasa ndani kuna nani? Mkubwa wa watumishi ni mkurugenzi. Huyu hachaguliwi kwa kura, anateuliwa na Rais. Chini yake ziko idara na vitengo: elimu, afya, kilimo na mifugo, maendeleo ya jamii, mipango, ardhi na ujenzi, fedha, sheria, usafi, na vingine. Kila mlango una kazi yake. Halafu wako madiwani. Hawa ndio tuliowapigia kura sisi, mmoja kila kata, na pamoja nao wako wale wa viti maalum. Madiwani ndio wanaopitisha bajeti na sheria ndogo za mji. Baraza lao hukutana kila miezi mitatu, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Wangapi humu tumewahi kuingia? Naona mkono mmoja tu. Na huyo ni mume wa diwani! Haya.

Mambo haya hayakuwa hivi siku zote. Wazee mnakumbuka kwamba mwaka 1972 serikali ilianza kuziondoa halmashauri, kazi zake zikaenda mikoani na wilayani. Miji ikaumia. Mitaro iliziba na taka zikalundikana, kwa kuwa hapakuwa na mwenye mji. Mwaka 1978 miji ikarudishiwa halmashauri zake. Sheria mpya zikatungwa mwaka 1982, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya nazo zikaanza tena kazi. Nayasema haya ili mjue kwamba ofisi ile, pamoja na kasoro zake, ikikosekana tunaijua.

Sasa turudi kwa yule mama aliyezungushwa. Alikwenda kulalamika kwamba bomba la maji limepasuka karibu na nyumba yake. Kosa lake ni nini? Alikwenda ofisi ya mji, na mji hauna bomba! Maji yana mamlaka yake, na huko vijijini tangu mwaka 2019 kuna RUWASA. Umeme ni wa TANESCO. Hata barabara, ambazo zamani alikuwa nazo mhandisi wa halmashauri, tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, isipokuwa zile kubwa za TANROADS. Hakuna aliyemweleza mama yetu. Kila mtumishi alijua kwamba jambo lile si lake, hakuna aliyejisumbua kumwambia ni la nani. Hilo mimi naliita uvivu, na nimewaambia wenyewe.

Lakini choo cha soko ni cha mji. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Mtakumbuka choo cha soko kilipojaa. Akina mama wanaouza nyanya walikuwa wanajisitiri nyuma ya magunia ya mkaa. Mvua zilikuwa zinakuja, na kila mtu anajua choo kilichojaa na mvua vikikutana vinaleta nini. Kipindupindu hakipigi hodi. Watu walilalamika kwa mdomo mwezi mzima. Walimwambia mkusanya ushuru, wakamwambia mfagiaji, wakamwambia hata dereva wa lori. Wote walijibu, "Tumesikia."

Ndipo darasa hili likaandika barua. Mliiandika ninyi wenyewe, mimi nilisahihisha nukta tu. Kuna mtu aliandika "choo" kwa o moja, tukacheka, akarekebisha. Barua ilikwenda kwa Mkurugenzi, kupitia kwa Mtendaji wa Kata. Ilikuwa na tarehe, ilikuwa na majina na saini. Na tuliandika nakala ya pili. Hii nakala ya pili ndiyo iliyookoa jambo lote, mtaona.

Barua ikifika ofisini haiendi mezani kwa mkurugenzi moja kwa moja. Inaingia chumba kinachoitwa masjala. Ni chumba kidogo, kimejaa majalada mpaka juu. Mtunza kumbukumbu anaipokea, anaigonga muhuri wenye tarehe, anaiandika katika daftari la barua zinazoingia. Kisha anaitafutia jalada lake, anaifunga humo na kuipa namba kwa wino mwekundu. Siku hizi ofisi nyingine zinaiingiza kwenye kompyuta, lakini safari ni ile ile. Jalada linapanda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi anaandika dokezo fupi: "Afisa Usafi, shughulikia." Jalada linashuka kwa afisa usafi. Afisa anakwenda kutazama choo, anarudi, anaandika: "Ni kweli kimejaa, linahitajika gari la kunyonya majitaka." Jalada linapanda tena. Mkurugenzi anakubali. Linashuka kwa mhasibu, kutazama kama fungu lina fedha. Mhasibu anaandaa hati ya malipo. Hati inakaguliwa, inatiwa saini. Ndipo gari linaitwa.

Mnaona? Kalamu ngapi hapo? Kila kalamu ni mlango, na kila mlango jalada linaweza kulala. Sisemi hivi kuwatetea. Kalamu hizo zina sababu yake: mtu mmoja asiwe anaomba fedha, anaidhinisha, na analipa yeye mwenyewe. Ingekuwa hivyo, fedha za choo zingejenga nyumba ya mtu. Lakini jalada likilala, akina mama wanaendelea kwenda nyuma ya magunia.

La kwetu lililala. Juma la kwanza kimya, juma la pili kimya. Juma la tatu tukatuma wajumbe wawili na ile nakala. Hawakwenda kugomba. Walikwenda masjala, wakasema, "Barua yetu ilipokelewa hapa tarehe hii, muhuri wenu huu. Imefika wapi?" Yule kijana wa masjala alitazama daftari lake, akafuata kidole, akasema, "Iko kwa afisa." Kumbe afisa alikuwa amekwenda likizo, na aliyemshikia kazi hakulifungua jalada. Lilikuwa mezani, chini ya mengine. Likavutwa siku ile ile. Siku tisa baadaye gari likaja sokoni. Wenye nyanya walikimbia harufu, lakini walikuwa wanacheka.

Wajumbe wetu wangekwenda mikono mitupu wangeambiwa nini? "Hatujaona barua yoyote." Na wangebishana na nani?

Naomba niseme na la kwangu, msije mkadhani nawasema wenzangu tu. Miaka ya nyuma, nilipokuwa kituo kingine, niliwahi kulalia barua ya wanakisomo walioomba taa na ubao. Sikuikataa. Niliiweka chini ya marundo nikasema nitaiona kesho. Ikapita miezi miwili. Mzee mmoja akaja, akatoa nakala yake ndani ya mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, akaiweka mbele yangu bila kusema neno. Niliona haya. Ubao walipata, taa walipata nusu. Tangu siku hiyo kila Ijumaa napindua marundo yangu juu chini.

Jambo jingine ni majira. Ninyi wakulima mnajua, huwezi kupanda mahindi mwezi wa mavuno. Fedha za halmashauri nazo zina msimu. Mwaka wake unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Mambo ya kuingia katika bajeti yanakusanywa miezi mingi kabla, kuanzia mikutano ya vijiji na mitaa. Mkiomba choo kipya mwezi wa tano, mtakuta fedha za mwaka ujao zimekwisha kupangwa. Kunyonya choo ni dharura, kunaweza kupatikana fungu. Kujenga kipya kunangoja msimu wake. Basi mkutano wa kijiji ukiitishwa, usiseme "wataniwakilisha wengine." Hao wengine watataja kalavati lililo karibu na kwao.

Na fedha zenyewe zinatoka wapi? Nyingi, kama mishahara, zinatoka serikali kuu. Nyingine ni zetu sisi: ushuru wa soko, leseni, ushuru wa mazao, ada za machinjio. Katika haya mapato ya ndani kuna fungu la asilimia 10 la mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vya vijana, 2 vya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024. Mlango wake ni maendeleo ya jamii. Tutaitengea jioni yake.

Leo nimalizie kwa risiti. Shangazi yangu alikuwa na kizimba sokoni katika mji mmoja, sitautaja. Alilipa kila mwezi, miaka na miaka, na alipewa risiti. Lakini shangazi hakujua kusoma. Kwake risiti ilikuwa karatasi. Nyingine alifungia ugoro, nyingine chumvi ya kupima. Siku soko lilipokarabatiwa, vizimba vikagawiwa upya. Wakasema kila mwenye kizimba alete risiti zake. Shangazi alikuwa na tatu tu. Jirani yake, aliyekuwa amekaa pale muda mfupi kuliko yeye, alileta rundo, ametunga kwenye waya. Jirani akapata. Shangazi akapewa sehemu ya nje, kwenye jua, karibu na stendi. Aliuzia hapo mpaka miguu ikakataa.

Ilitakiwa daftari la ofisi nalo liwe na jina lake. Halikuwa nalo, au halikutafutwa. Aliyeumia si mwenye daftari.

Basi tafuteni waya. Au kopo, au mfuko wa plastiki, panya wasile. Na risiti ya mashine ina ubaya mmoja: wino wake unafifia, hasa ikikaa juani. Iandike nyuma kwa kalamu: tarehe, kiasi, ya nini. Hiyo ni kazi ya dakika moja, na sasa kuandika mnajua.

Nilipofika hapo mzee mmoja wa mstari wa nyuma akanyosha mkono. Akauliza, "Mwalimu, na yule wa masjala akikataa kuigonga muhuri nakala yangu?"

Ni swali zuri, mzee wangu. Wengine hukataa, na wengine hawajaombwa kabisa. Mwombe kwa upole. Akikataa, andika mwenyewe chini ya nakala: "Nimeikabidhi kwa mkono, masjala, saa nne asubuhi," na tarehe, na jina la aliyepokea. Nenda na mwenzako, naye atie saini. Kisha mpe nakala nyingine diwani. Huwa nasikia muhuri unapatikana haraka diwani akiwa na nakala.

Darasa lijalo ni Jumatano, baada ya magharibi. Kila mmoja aje na risiti moja kutoka nyumbani, ya chochote. Tutazisoma kwa sauti.