Nani Amelijaribu?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na majirani katika sherehe za maadhimisho ya hekalu letu)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Hekalu, Maharaj wetu mpendwa, wazee wetu, akina mama, ndugu zetu majirani mliotoka Heru Juu na vijiji vya jirani, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoka kwa urahisi:

   

Kamati imeniagiza niseme maneno machache juu ya habari za sayansi na teknolojia. Mimi si mtaalamu. Masomo yangu yaliishia sekondari, na tangu hapo mwalimu wangu amekuwa mteja. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu nje ya duka langu lipo benchi, na kwenye benchi hilo hakuna habari ya dunia isiyojadiliwa. Zamani habari zilikuja kwa redio, saa maalumu, na kila mtu alisikia jambo lile lile. Siku hizi kila mtu huja na yake mfukoni. Huyu ameona gari linaloruka, yule ameona kompyuta inayotunga mashairi, na wa tatu ameletewa mzizi unaoponya kisukari na shinikizo la damu kwa siku saba. Kisha wote hunigeukia: "Mzee, wewe unaonaje?"

Jibu langu ni lile ninalompa mchuuzi anayeniletea bidhaa mpya. Nani amelijaribu? Amelijaribu wapi? Na likiharibika, kipuri chake kitapatikana Kasulu?

Taa za jua zilipoanza kuletwa huku kwetu, nyingi zilikuwa za kupendeza machoni na hafifu kwa kazi. Mteja wangu mmoja kutoka Kibondo alikataa kununua hata moja. Alisema atachukua taa moja, akae nayo msimu mzima wa mvua, wakati ambapo mawingu hulala juu ya milima yetu siku tatu bila kuamka, kisha ndipo atalipa. Nilikubali. Msimu ulipokwisha alirudi na fedha, akataka nyingine sita kwa ajili ya jirani zake. Mtu yule hakuwa na cheti chochote, lakini alifanya utafiti kamili: alichagua hali ngumu, akasubiri, ndipo akatoa hukumu.

Nasema hivi kwa sababu upande wa pili nao nimeuona. Yupo jirani yangu, mtu mzima mwenye kisukari, aliyeacha vidonge vyake kwa ajili ya ujumbe wa simu. Ujumbe ulikuwa na picha ya daktari aliyevaa koti jeupe. Koti jeupe, ndugu zangu, linauzwa. Hata dukani kwangu yapo. Hakuna aliyeuliza daktari huyo anaitwa nani, wala hospitali gani imeijaribu dawa yake, wala kwa wagonjwa wangapi. Jirani yangu leo anatembelea magongo, kwa mguu mmoja. Yeye mwenyewe ameniruhusu nilitaje jambo hili mbele yenu, ila si jina lake. Kwa hiyo anayedhani habari za sayansi ni mazungumzo ya kupitisha jioni, naomba afikiri tena.

Niruhusuni sasa niwapeleke Lushoto, mwaka 1963. Katika Shule ya Sekondari Magamba alikuwapo mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba. Vijana wale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, kisha wanayaweka katika jokofu. Siku moja nafasi jokofuni ilikuwa ya kugombewa, na Mpemba akaona akisubiri maziwa yapoe ataikosa. Akayaweka yakiwa moto. Mwenzake aliweka yake bila hata kuyachemsha. Baada ya muda wakaenda kutazama: ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado.

Alimwuliza mwalimu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Aliwauliza watengeneza aiskrimu wa Tanga, nao, watu wa biashara kama mimi, wakamwambia kwamba ndivyo wafanyavyo siku zote. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu wa huko akamfanyia mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake. Darasa zima likalipokea neno hilo; kila alipokosea hesabu walimwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Ndipo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja shuleni kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama, akauliza swali lake, na wenzake wakacheka.

Huyo Osborne ndiye ninayemvulia kofia. Hakujua jibu. Alidhani kijana amekosea, lakini alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wake wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba kweli, yaliyoanza yakiwa moto yameganda mbele, kisha akaahidi kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Ninamwelewa sana fundi yule. Wengi wetu ndivyo tunavyosoma magazeti. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja makala iliyochapishwa Uingereza, na tangu hapo dunia nzima huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Lakini msidhani mambo yamekwisha hapo. Mwaka 2016 wataalamu wa Uingereza walipima upya kwa uangalifu, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Wengine wanashikilia kwamba jambo lipo, na kwamba linategemea chombo, aina ya maji na mahali kilipowekwa kipimajoto. Mjadala unaendelea hadi leo, zaidi ya miaka 60 tangu kijana wa Magamba agombee nafasi jokofuni. Baadhi ya watu wakisikia wataalamu wanapingana husema basi sayansi haina maana. Mimi naona kinyume chake. Mtu anayekubali bidhaa yake ipimwe tena mbele ya mteja ndiye ninayefanya naye biashara.

Tukirudi mkoani kwetu, Jane Goodall aliyefariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91, alifika Gombe mwezi Julai 1960 bila shahada yoyote. Alikuwa na darubini, daftari na mama yake, kwa kuwa serikali ya wakati ule haikutaka binti akae msituni peke yake. Miezi michache baadaye alimwona sokwe akichomeka jani la nyasi katika kichuguu, akilivuta na kuwala mchwa walioshikamana nalo. Mpaka wakati huo wataalamu walifundisha kwamba mwanadamu peke yake ndiye mwenye kutengeneza na kutumia zana. Dunia yote ilimsifu, na alistahili. Lakini mwaka 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa walipowateka wanafunzi wanne pale Gombe, na wageni wakalazimika kuondoka, ni nani waliobaki wakiwafuata sokwe kila siku na kuandika? Ni wafanyakazi Watanzania, watu wa vijiji vya huku huku. Utafiti ule haukukatika kwa sababu yao. Sehemu hii ya habari nadra kuisikia kwenye benchi langu, na ningependa watoto wetu waisikie kwanza.

Wenzangu wa asili ya Gujarat watanilaumu nisipotaja mwezi. Tarehe 23 Agosti 2023 chombo cha India, Chandrayaan-3, kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali ambapo hakuna nchi iliyokuwa imetua kabla. Kile kilichotua kiliitwa Vikram, kwa heshima ya Vikram Sarabhai, mzaliwa wa Ahmedabad, aliyeuanzisha mpango wa anga wa India. Siku ile palitokea shangwe kubwa, na ladu zililiwa bila kujali kisukari nilichokitaja. Nilichokipenda mimi ni mwaka 2019. Mwaka huo chombo kilichotangulia kilianguka mwezini, dunia nzima ikitazama. Waliketi, wakachunguza kilichoharibika, wakarekebisha, wakarudi baada ya miaka minne. Jirani mmoja wa Heru Juu aliniuliza siku ile: "Na sisi huu mwezi utatusaidia nini shambani?" Swali zuri sana. Nikamjibu kwamba mwezi sijui, lakini muhogo najua.

Nanyi mnaujua. Mmeona muhogo wenye majani ya kuridhisha macho, na siku ya kung'oa mzizi umeoza ndani, hudhurungi, haufai kwa ugali wala kwa ng'ombe. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Alioueleza kwanza kwa maandishi ni H. H. Storey wa kituo cha Amani, Usambara, mwaka 1936. Virusi vyake huenezwa na nzi weupe, na sisi wenyewe huvieneza tunapopeana vipande vya miti ya mbegu kwa ujirani mwema. Mkono wa ukarimu ndio unaobeba ugonjwa. Hapo ndipo ninapoisikiliza kwa makini hii akili bandia inayotutisha wote. Ipo programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Unaielekeza kamera kwenye jani, nayo inakuambia inachokiona, kwa Kiswahili, hata pasipo intaneti. Picha ambazo kazi hiyo ilianzia zilipigwa katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Mashine ilifundishwa kwa majani ya Tanzania, na ndiyo maana ninaipa nafasi.

Hata hivyo jani si mzizi, na Bagamoyo si Heru Juu. Pwani kuna joto. Huku asubuhi tunavaa sweta. Kama ningekuwa na shamba la ekari tano nisingeling'oa kwa neno la simu, wala nisingelipuuza neno hilo. Ningemwita bwana shamba, tukang'oa mashina machache katika kila pembe, tukayakata mizizi yake na kutazama.

Kujaribu kunahitaji vifaa, na hapa, Mheshimiwa Mwenyekiti, nafika kwenye jambo lililonisimamisha. Enzi za Rais Kikwete wananchi tulihimizwa kujenga maabara tatu kwa kila sekondari: fizikia, kemia na baiolojia. Tulichanga matofali, saruji na nguvu. Ipo sekondari moja, isiyo mbali na hapa tuliposimama, ambayo chumba chake kimeandikwa MAABARA kwa rangi nzuri ya buluu. Nimeingia ndani. Kuna meza, na kuna sinki lisilo na bomba. Watoto hujifunza mizani kwa kuitazama picha ya mizani. Kisha tunawashangaa wakiwa watu wazima wanaamini kila koti jeupe.

Ninafahamu kwamba baada ya gharama za sherehe hizi itabaki akiba, na kwamba wapo wanachama wanaotaka inunuliwe skrini kubwa ya ukumbini pamoja na taa za rangi za Diwali. Nawaheshimu, mmoja wao ni mke wangu. Lakini tangu mwaka 2022, umeme wa Gridi ya Taifa ulipotufikia kupitia Nyakanazi, shule ile ina umeme wa kutosha kuwasha jokofu na darubini. Watu wa Heru Juu wamekuwa majirani wa biashara zetu tangu enzi za babu zetu. Basi napendekeza akiba hiyo inunue mizani, darubini mbili za kuonea vidudu, vipimajoto na vyombo vya kioo, na vikabidhiwe kwa mkuu wa shule kwa maandishi, mbele ya wazazi. Na tafadhali, wasichana wawe wa kwanza kuvishika. Heru ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, kabla ya uhuru. Sitaki kuambiwa kwamba fizikia ni ya wavulana.

Upande wangu nitatoa jokofu moja, pamoja na sukari na maziwa ya kuanzia. Watoto waweke kikombe cha moto na kikombe cha baridi, waandike saa, warudie mara kumi, watuletee majibu hapa hekaluni, yawe yoyote yale.

Karatasi ya majina iko kwa mhazini, kwenye meza ya chai. Atakuwapo mpaka chakula kitakapokwisha, na kalamu nimempa mbili.