Kwa Nini Mtu Humpa Mwenzake?

(Muziki wa kufungulia unaingia, kisha unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Vuteni viti, wale walio mbali na redio wasogee karibu.

Leo tuna swali ambalo wengi hujiuliza kimyakimya: watu wanaotusaidia, wanatusaidia kwa nini? Swali hili limekuwa zito zaidi tangu Mei 2025, pale Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipopungukiwa fedha na kusimamisha mgao kwa watu wapatao milioni moja hapa Uganda. Mama ambaye jina lake halipo tena kwenye orodha anajiuliza: jana walinipa kwa nini, na leo wameacha kwa nini? Nimekosa nini?

Mama, hujakosa lolote. Sikiliza kwanza, tuelewane.

Twende Nakivubo, katikati ya Kampala. Pale kuna uwanja wa mpira, kuna mfereji mkubwa unaopeleka maji ya mji kuelekea Ziwa Victoria, na pembeni kuna soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo kila mtu huliita Owino. Ukiingia ndani utakutana na wachukuzi wamebeba marobota ya mitumba. Nguo nyingi katika marobota hayo zilitolewa bure. Mtu fulani Ulaya au Marekani alifungua kabati lake, akaona limejaa, akapeleka mashati kwa shirika la hisani. Shirika likayauza kwa wafanyabiashara, yakafungwa, yakapanda meli. Yakifika Owino yana bei.

Yule mtu alitoa kwa sababu alikuwa na ziada. Hakukufahamu wewe wala muuzaji wa Owino. Hata hivyo, sadaka yake imempa kazi mchukuzi, muuzaji na fundi wa cherehani. Ni jambo jema, lakini lina mpaka wake: ziada ikiisha, na mkono unarudi. Misaada mingi ya mataifa makubwa inafanana na hiyo. Bajeti ikibadilika kule, kikombe cha unga kinapungua huku, bila mtu yeyote kuwa amekuchukia.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa tubaki papo hapo sokoni, tutazame utoaji wa aina nyingine. Tuseme muuza nyanya amefiwa na mumewe. Kabla jua halijazama, daftari limeanza kupita meza hadi meza. Huyu anaandika shilingi elfu mbili, yule elfu tano. Waganda huita mchango huu mabugo. Zamani watu walileta vitambaa vya gome la mti wa mutuba vya kumzikia marehemu. Siku hizi wengi huleta pesa, na jina limebaki. Wana pia vikundi viitwavyo munno mukabi, maana yake mwenzako katika shida. Sisi Waswahili tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lugha mbili, neno moja.

Anayeandika elfu mbili kwenye daftari hana ziada. Anatoa kwa sababu anajua daftari hilo litapita siku moja kwa ajili yake. Februari 2009 moto uliteketeza sehemu kubwa ya soko hilo. Aliyewahi kuona meza yake ikigeuka majivu hahitaji kuelezwa shida ni kitu gani.

Na si Waganda peke yao. Hatua chache kutoka Owino, mtaani Kisenyi, wanaishi Wasomali. Ng'ambo kidogo, Katwe na Nsambya, wapo Wakongomani wanaouza vitenge. Wakimbizi wa mjini kwa kawaida hawapati mgao wa chakula. Mmoja akiugua, huchangiana. Wengi wao wamefanya hivyo miaka mingi.

Kuna sababu ya tatu, nayo ni kumbukumbu. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, walikimbilia Sudan na Zaire. Walipokelewa. Mwaka 2016 vita vya Sudan Kusini vilipoleta maelfu kwa maelfu ya watu, jamii za West Nile zilitoa ardhi, na Bidibidi ikafunguliwa. Wazee wengi walieleza hivi: hata sisi tuliwahi kuwa wakimbizi. Nenda nyuma zaidi: kuanzia 1942 Uganda iliwapokea maelfu ya Wapolandi waliokimbia vita vya Ulaya, wakakaa Nyabyeya na Koja. Kwa hiyo usidhani kwamba ukimbizi ni alama ya taifa fulani au rangi fulani.

Ndugu msikilizaji, kutokana na haya nakuomba ushike mambo matatu.

La kwanza: usione aibu kupokea. Anayepokea leo aliwahi kutoa jana, na atatoa tena. Hata sasa unatoa. Ule unga uliompimia jirani aliyeondolewa kwenye orodha, yule mtoto uliyemlaza kwako mama yake alipokuwa hospitali, huo ni msaada kamili. Kutoa ni moyo, si utajiri.

La pili: jirani hawezi kubeba mzigo wa dunia. Mataifa yalitia saini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na kukulinda ni wajibu waliouchukua wenyewe. Kwa hiyo kuuliza kwa adabu kwa nini mgao umepungua, au kuomba jina lako liangaliwe upya, si utovu wa shukrani.

La tatu, na hili wazazi waambieni watoto wenu: msaada ni bure. Mtu akikudai pesa, au akitaka mwili wako ndipo akuandike jina, huyo hatoi, ananunua. Usinyamaze. Mweleze mtu unayemwamini, au nenda ofisi ya ulinzi iliyo karibu nawe.

(Muziki unaingia chini.)

MTANGAZAJI: Muda wetu umekwisha. Vikundi vya wasikilizaji, jadilianeni haya kabla ya kuagana:

1. Katika mtaa wenu kambini, nani hasaidiwi na mtu yeyote kwa sasa?
2. Kwenu mlikotoka, watu walichangiana vipi wakati wa msiba au ugonjwa? Je, mnaweza kuanzisha daftari kama lile hapa mlipo?
3. Mtu akiombwa rushwa ili apate msaada, aende kwa nani?

Kaeni salama, mtunzane.

(Muziki unapanda, kisha unazimika.)